Kidonge Kilichomliza Nyapara Mbugua

Vijana, mkipita hapa kwangu Kiganjo mkanikuta kibarazani nikicheka peke yangu, msiende kutangaza kwamba mzee Zakayo ameanza kuchanganyikiwa. Nitakuwa namcheka nyapara Mbugua. Zaidi ya miaka sitini imepita, na bado namwona amesimama katikati ya mistari ya kahawa, mwezi wa Julai, Ruiru yote inatetemeka kwa baridi, yeye amefungua vifungo vya shati anajipepea kwa kofia. Juzi ninyi mnaosomea uuguzi mliniuliza, "Guka, babu yetu, kwani siku zenu mlikuwa mnajua haya mambo ya homoni?" Tulijua! Tena mimi nilijua mapema kuliko wengi, na nilijulia kwa makosa. Sasa nawaandikia yote, maana mlipokuja mlikuwa na haraka ya kurudi chuoni.

Nilikuwa dresa. Neno hilo limekufa, kwa hiyo nieleze. Dresa hakuwa daktari, hakuwa muuguzi, lakini mgonjwa akija alimkuta yeye. Walinifundisha miezi michache kufunga vidonda, kuchemsha sindano na kusoma kipimajoto, kisha wakanituma kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru, kijana wa Maragoli, kule magharibi, mwenye kimo cha madebe mawili yaliyopandanishwa. Wachumaji waliposikia jina langu ni Zakayo walicheka wiki nzima. Dispensari yangu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza, benchi na kabati la kufuli. Ndani ya kabati mlikuwa na kwinini, chumvi ya kuharisha, dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na mafuta ya kuchua mgongo. Hayo mafuta ya mgongo yakumbukeni, yatanitia aibu hivi karibuni.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Hata kwenda Thika kwa baiskeli ulihitaji karatasi ya ruhusa, na pale shambani hakuna aliyepata karatasi kama nyapara hajaitikia kwa kichwa. Nyapara ndiye Mbugua. Alikuwa na miaka sitini hivi, mrefu, na sauti yake ilisikika kutoka kiwandani mpaka mtoni. Hakuwa na daftari. Asubuhi aligawa mistari kwa wachumaji zaidi ya mia, na jioni alikuambia bila kukosea nani alichuma wapi, nani aliacha kahawa mbivu kwenye matawi, nani alitia mawe ndani ya debe. Na alikuwa na fimbo. Sitampamba kwa sababu amekufa: alipiga watu. Alipiga wachumaji, na nyumbani alimpiga mkewe, Wangari. Shamba zima lilijua na shamba zima lilinyamaza, mimi nikiwemo.

Mara ya kwanza alikuja dispensari kwa mlango wa nyuma.

"Dresa, hii mgongo inanisumbua."

"Tangu lini, baba?"

"Wewe paka dawa. Maswali ni ya polisi."

Nikapaka. Nilimchua kwa miezi mitatu, jamani! Mikono yangu ilinuka mafuta yale hata nikila ugali. Na hapo ndipo kosa langu la kwanza, ambalo ninyi mkilirudia nitawakana. Mtu wa rika la baba yako akikuambia mgongo, kwa adabu tuliyolelewa nayo, wewe unashika mgongo, huulizi kilicho chini yake. Kumwuliza mzee mwenye wajukuu habari za mkojo wake ilikuwa sawa na kumvua nguo sokoni. Kwa hiyo mimi nilikuwa na adabu nzuri sana, na mgonjwa wangu alikuwa anakwisha.

Aliyetuokoa ni Wangari. Alikuja siku moja, akakaa mwisho wa benchi, akangoja wagonjwa wote waondoke. Alikuwa mama mdogo wa mwili, mkimya, na hakuwa na kawaida ya kuja kwangu.

"Dresa," akasema, "hebu niambie. Ni mgongo ya aina gani hii inaamsha mtu mara sita aende kusimama nyuma ya nyumba, na hakuna kitu inatoka?"

Niliona haya mpaka masikioni. Kesho yake tukapanda lori la shamba, mimi na Mbugua, tukaenda Thika.

Thika mjini kulikuwa na daktari Mhindi mwenye kliniki yake ndogo. Sisi tulimwita Daktari Miwani kwa sababu alikuwa na jozi mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na kila siku alikuwa akitafuta moja. Alimpima Mbugua nyuma ya pazia, na nilisikia nyapara wangu akitoa mlio ambao sijawahi kumsikia mwanamume akiutoa. Daktari alipotoka alinawa mikono akaniambia kwa Kiingereza, nami nimtafsirie. Ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu imeota saratani, na saratani imefika kwenye uti wa mgongo. Homoni ya kiume ndiyo inayoilisha. Kuna njia mbili: kuondoa korodani kwa kisu, au kumpa vidonge vya homoni ya kike vilivyotengenezwa kiwandani, vizime ile ya kiume.

"Kisu hatakubali," nilisema, hata bila kumwuliza.

"Basi vidonge. Mwambie vizuri ni homoni ya kike. Mwambie matiti yanaweza kuvimba. Mwambie mambo ya chumbani huenda yakaisha. Na mwambie huenda akajisikia mtu tofauti kidogo."

Nikamgeukia Mbugua, aliyekuwa anafunga mkanda wake kwa hasira.

"Baba, daktari anasema hii ni dawa ya mgongo. Kidonge kimoja kila siku."

Mbugua akanitazama. "Hayo maneno yote mrefu ndio hayo tu?"

"Kizungu ni kirefu, baba."

Cheka tu, hata mimi nacheka. Lakini huo ulikuwa uongo, na niliuvaa kama koti kwa miezi mingi. Tulipokuwa tunatoka, daktari akanivuta kando akanipa daftari la shule lenye jalada la buluu. "Andika kila kitu unachokiona," akasema. "Si mkojo tu. Mwangalie kuanzia kichwani."

Ndugu zangu, vile vidonge! Vilikuwa vidogo vyeupe, jina lao refu, stilbestroli, ndani ya mkebe wa bati. Wiki ya tatu Mbugua aliingia dispensari kwa mlango wa mbele. Wa mbele! Mkojo unatoka, maumivu yamelala, analala kama mtoto. Alinyoosha mgongo mbele ya wagonjwa wote akasema, "Huyu mfupi ni daktari kabisa." Nilijisikia nimeongezeka inchi sita. Niliimba nikichemsha sindano. Mtu aliyekuwa anakwenda kaburini anatembea, na mimi ndiye ninayemkabidhi mkebe wa kila mwezi!

Halafu mambo mengine yakaanza. Kwanza ni lile joto la Julai nililowaambia. Jasho linamshuka, uso umekuwa mwekundu, dakika chache limepita, yeye anatetemeka anatafuta koti. Mama zenu wengine wanaijua hali hiyo wanapofika umri wa kukoma hedhi, na chanzo chake kiko kichwani: ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inapotoshwa homoni zinapobadilika, inadhani kuna moto wakati hakuna. Siku hizo sikujua. Nilimpima homa mara nne, nikampa kwinini bure.

Kisha ikaja kusahau. Jioni moja pale kiwandani alisimama mbele ya wachumaji wakiwa wamepanga madebe, akamnyooshea mtu kidole, akafungua mdomo, jina halikuja. Mtu aliyemjua kwa miaka kumi! Akaniomba daftari awe anaandika mistari. Alisema usingizi wa mchana unamzidi, na kwamba akifikiria jambo ni kama kutembea kwenye matope.

Na kisha, machozi. Lo! Kuku alikanyagwa na trekta, Mbugua akalia. Mjukuu wake Gathoni aliimba wimbo wa shuleni mlangoni kwake, Mbugua akalia. Siku moja alilia amesimama tu karibu na kiwanda, na nilipomwuliza akasema ni moshi. Moshi gani, na kiwanda kilikuwa kimefungwa? Nikaandika.

Sasa mjue, miaka ile uamsho ulikuwa umeshika kote huku. Ndugu waliookoka walikutana Jumapili wakiimba, wakilia, wakitubu dhambi zao hadharani kwa majina. Mbugua alikuwa akifika kanisani ili aone tu nani hakuja. Jumapili moja wakaanza kuimba, na mimi nikiwa kwenye benchi la nyuma nikaona mabega ya nyapara yanatikisika. Alilia mpaka kola ikalowa. Mwalimu Yohana, aliyekuwa kiongozi wa kanisa letu, akarusha mikono juu.

"Bwana asifiwe! Mbugua ameokoka!"

Watu walimkumbatia, wengine kwa imani, wengine kwa hofu ya kuonekana hawajamkumbatia. Na Jumatatu yake Mbugua aliita mchumaji mmoja mama mzee, Muthoni, mbele ya watu. Kila mtu akashika pumzi akidhani ni fimbo.

"Muthoni, ile siku nilikupiga juu ya debe, debe ilikuwa imejaa. Nilijua imejaa. Nilikukosea."

Muthoni alikaa chini papo hapo. Wiki hiyo aliwaita wengine, mmoja mmoja, kwa majina. Majina ya pale kiwandani yalimkimbia, lakini haya hakusahau hata moja. Wiki iliyofuata alionekana akitoka mtoni na mtungi wa maji wa mkewe. Mwanamume, tena nyapara, na mtungi! Wangari alinijia mbio.

"Dresa, wewe unampa nini huyu mtu?"

"Dawa ya mgongo, mama."

"Haiya! Basi mgongo yake ilikuwa imeunganishwa na roho."

Nilishindwa kuvumilia. Niliomba karatasi, nikapanda baiskeli, nikakanyaga kutoka Ruiru mpaka Thika bila kupumzika, daftari la buluu kifuani. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja akalifungua. Akasoma kwa sauti: "Jumatano, amelia juu ya kuku. Ijumaa, amelia juu ya wimbo." Akaniangalia kwa macho madogo.

"Kuku ni nani?"

"Ni kuku, bwana."

"Hii ni maneno ya siri. Kuku ni jina la mtu."

Nilieleza kwa nusu saa, mpaka mkubwa wake akaja, akasoma, akacheka akaniachilia. Nilifika Thika nimelowa jasho kuliko Mbugua.

Daktari Miwani alisoma daftari lote akiwa amesimama. Kisha akabadilisha miwani akasoma tena. Nikamwuliza, "Daktari, nimempa kidonge cha mkojo. Kimefikaje kwenye machozi?" Yule mzee akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Akachukua kalamu, akachora kichwa cha mtu nyuma ya karatasi ya dawa.

"Zakayo, damu haina kizuizi wala karatasi ya ruhusa. Dawa ikiingia kwenye damu inapita kote, na ubongo unakunywa damu nyingi sana. Watu wanadhani ubongo wa mtu mzima umekwisha kujengwa, kama nyumba ambayo saruji yake imekauka. Mimi sidhani. Nadhani unasikiliza homoni mpaka mtu anakufa."

Nadhani, alisema. Hakusema najua, na nilimpenda kwa hilo. Leo wenzenu wana mashine za kupiga picha ubongo wa mtu aliye hai, na wamekuta zile sehemu za kupokea homoni zimetapakaa humo ndani: kwenye hisia, kwenye kumbukumbu, kwenye usingizi, kwenye tamaa. Mtu mzima akipewa homoni, awe mama aliyekoma hedhi, awe mgonjwa kama Mbugua, awe mtu anayebadilisha mwili wake ufanane na anavyojijua, ubongo nao unapata habari. Ni kwa kiasi gani, na kwa nani, bado wanabishana, na watu hawafanani. Mmoja atalia, mwingine atatulia, mwingine hatahisi lolote. Lakini mimi siku ile nilirudi Ruiru nikipiga kengele ya baiskeli njia nzima bila mtu wa kunipisha. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho daktari bado alikuwa anakidhania!

Hapa niwape la kazi kidogo. Mgonjwa wa dawa za namna hii usimwulize, "Unajisikiaje?" Atakuambia, "Niko sawa," hata kama ameketi juu ya moto. Mwulize analala saa ngapi. Mwulize mara ya mwisho alikasirika lini, na kwa nini. Mpe kazi anayoijua umwone akiifanya. Mimi nilimwambia Mbugua anitajie mistari ya kahawa kwa mpangilio, kila Jumatatu, nikahesabu anakwama wapi. Na mwulize mkewe, kando. Andika siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale aliyosema, usiyapige pasi.

Basi, furaha ikanipanda kichwani. Mwalimu Yohana alikuja kufungwa kidonda cha mguu, akiwa anasifu jinsi Roho alivyomshukia Mbugua. Mdomo wangu ukawasha. Nikamwambia, kwa kujidai, maana sina neno jingine, kwamba Roho huyo anakaa kwenye mikebe ndani ya kabati langu, na kwamba ni homoni ya kike. Nilitaka tu aone nilivyo hodari! Mwalimu Yohana alitoka bila hata kungoja nimalize bandeji. Alimwambia mkewe.

Jumatatu nilipofungua mlango nilikuta wanawake saba kwenye benchi, hakuna hata mmoja mgonjwa. Wa kwanza alikuwa na kibuyu cha uji.

"Dresa, nisaidie na hicho kidonge cha Mbugua. Kimoja tu. Nitaweka kwa uji, hatajua."

"Kwa nani?"

"Kwani hujui ni nani? Baba watoto wangu!"

Saba wote walitaka hivyohivyo. Nilicheka mpaka nikashika kabati, kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa kila mmoja alikuwa anasema nini kuhusu nyumbani kwake. Niliwaambia hapana. Dawa ya mtu ni ya mtu, na kumlisha mtu homoni bila yeye kujua ni kumwibia nafsi. Nikiyasema hayo kwa sauti nzito ya dresa, nilimwona Mbugua amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Wanawake wakapotea. Yeye akaja polepole, akaweka mkebe juu ya meza, nusu yake bado imejaa. Akafungua shati. Matiti yalikuwa yamevimba, na sasa nilielewa kwa nini tangu mwezi uliopita alivaa koti hata mchana.

"Ulisema ni mgongo."

"Baba..."

"Miezi saba umenifanya mwanamke, na umeandika kwa kitabu watu wasome. Hata ile wokovu yangu umechukua." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Usikuje kwangu."

Akaacha kumeza. Kwa wiki kadhaa nilipita mbali na nyumba yake kama mwizi. Nilisikia kwanza kwamba sauti ya zamani imerudi, kisha fimbo imerudi mkononi ingawa hakuiinua, kisha kwamba hatoki kitandani. Wangari akaja.

"Dresa, yule mtu wa zamani amerudi. Jana alirusha sufuria. Lakini usiku analia, na hii si kulia ya kuku. Ni mifupa. Sijui nikuombe umrudishie dawa kwa sababu yake ama kwa sababu yangu."

Nilikuwa kijana, na sikuwahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kutembea zile hatua mia tatu mpaka nyumbani kwa Mbugua. Nilichukua mkebe mpya, nikaufunga kwa karatasi, nikachukua na daftari. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa amelala ubavu, uso umekonda, jino limeuma jino.

"Nilisema usikuje."

"Nimekuja kuomba msamaha, baba. Siku ile Thika, daktari alisema maneno mengi, mimi nikakupa moja. Niliogopa."

Akafunga macho. "Sasa nipe yote."

Nikampa yote. Tezi, saratani, homoni ya kiume inayoilisha, homoni ya kike inayoizima, matiti, chumbani, joto, kusahau. Nikamwambia dawa haiondoi ugonjwa, inaukalisha chini. Nikamwambia kwamba inafika mpaka kwenye ubongo na hakuna njia ya kuizuia isifike. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Kwa hivyo ile kulia yote ni ya kidonge."

"Kidonge kilirahisisha kulia, baba."

"Na Muthoni?" Sasa alifungua macho. "Ile siku niliita Muthoni nikasema nilimkosea. Nani alikuwa anaongea? Niambie ukweli, Dresa. Kama ni kidonge, mimi sitaki hiyo msamaha. Afadhali nife na dhambi yangu."

Vijana, hilo ndilo swali ambalo mashine zenu zote hazijalijibu. Nilichokuwa nacho ni daftari. Nikalifungua, nikamsomea: kuku na trekta, wimbo wa Gathoni, moshi wa kiwanda kilichofungwa. Kwenye moshi mdomo wake ulitikisika, karibu acheke. Kisha nikasoma majina. Muthoni. Karanja. Njeri. Na wengine wanane, kila jina na siku yake na kosa lake, kama nilivyoyaandika kwa maneno yake.

"Baba, kuku na moshi nakipa kidonge," nikasema. "Lakini kidonge kilitoka kiwandani ng'ambo. Hakimjui Muthoni, na hakikuwepo siku ile ya debe. Wakati huo ulikuwa unasahau hata majina ya watu uliowaona asubuhi. Haya kumi na moja uliyatoa wapi?"

Aligeuza uso akatazama mlangoni. Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Kuna moja haiko kwa hiyo kitabu yako," akasema.

Kisha akaita, "Wangari!" kwa ile sauti ya zamani, ile ya mpaka mtoni. Wangari akaja, akasimama mlangoni, mkono umeshika mwimo.

"Kaa."

"Nitasimama."

"Dresa, hiyo mkebe imefunguliwa?"

"Bado, baba. Karatasi iko vilevile."

"Muonyeshe."

Nikamwonyesha. Wangari akatazama mkebe, akanitazama mimi, hakuelewa. Mbugua akajiinua kwa kiwiko, jasho la maumivu likimtiririka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, makavu na makali kama siku zote nilizomwogopa.

"Nimekupiga kutoka siku nilikuoa," akamwambia. "Hakuna hata siku moja ulistahili. Na nilijua. Hata nikiinua mkono nilikuwa nikijua. Nisamehe. Usijibu saa hii, fikiria kwanza."

Wangari hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na sikuwa nimemeza chochote. Yeye aliachia mwimo, akasema, "Nitafikiria," na akaenda nje. Aliporudi alikuwa na kikombe cha maji, akakiweka karibu na mumewe.

Mbugua alinyoosha kiganja kwa ajili ya kidonge, lakini kabla sijakiweka akakifunga tena.

"Kwanza andika, Dresa. Andika na saa."

Aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo, akimeza kila siku, akijua anachomeza, akilia juu ya kuku bila aibu. Lile daftari ninalo. Mkija tena nitawaonyesha ukurasa wenyewe: "Jumatatu, saa tatu asubuhi. Amemwomba mkewe msamaha. Bado hajameza."